Ufundishaji kwa Michoro (2): Kutoka Udongo wa Jandoni hadi Ubao wa Kang'ata

Katika sehemu ya kwanza tulitazama zana za kufundishia kwa jumla. Leo tunaingia kwenye michoro ya kupangilia mawazo: duara, mishale, majedwali na ramani za dhana ambazo mwalimu huzichora ili mwanafunzi aone jinsi jambo moja linavyohusiana na jingine. Nitaanzia jandoni na unyagoni, kwa Wazigua na Wanguu, kwa sababu hapo ndipo watu wa Handeni walipofundishana kwa maumbo kabla ya shule kufika.

Mwaka 1944 Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alichapisha makala kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando la Wanguu. Siku hizo Unguu ilikuwa sehemu ya Handeni. Kilindi, iliko Unguu leo, haikuwa wilaya mpaka 2002. Mwaka 1956 akatoa kitabu kizima juu ya vinyago vya aina hiyo, na mkusanyiko wake ukahifadhiwa katika makumbusho ya Dar es Salaam. Wanaovitazama leo huvisifu kama sanaa. Mimi naviona kama zana za kufundishia, tena zilizofikiriwa kwa makini kuliko nyingi tulizo nazo madarasani.

Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa fumbo. Mwali alionyeshwa umbo, la mnyama au la mtu au la chombo cha nyumbani, akafundishwa wimbo, kisha mkubwa akamfumbulia maana: heshima kwa wazazi, wajibu wa ndoa, adabu ya mwili. Nyimbo zenyewe sitazigusa, ni mali ya waliopita humo. Ninachokitaka ni ule utaratibu. Umbo halikuachwa lijisemee. Lilimfanya mwali ashangae na kujiuliza, ndipo akaelezwa. Na sherehe ilipokwisha, vinyago, ambavyo vingi havikuchomwa motoni, mara nyingi vilivunjwa au kutupwa. Mwali hakubeba zana kwenda nayo nyumbani. Ilibidi somo liwe limekaa kichwani mwake.

Sasa ingia katika shule ya msingi ya leo, iwe Kang'ata wilayani Handeni au Korogwe mjini. Ukutani kuna chati za manila: mfumo wa umeng'enyaji wa chakula, viungo vya mwili, ramani ya Tanzania. Nawaheshimu walimu waliozichora, maana wako walionunua manila na kalamu za wino kwa fedha zao wenyewe. Lakini chati inayoning'inia tangu Januari hadi Desemba, macho ya mtoto huizoea mapema, na baada ya hapo inabaki kuwa pambo. Mwanafunzi hakuichora wala hakuulizwa kitu juu yake.

Tena tusidhani kwamba picha hueleweka yenyewe. Mwaka 1960 William Hudson, aliyefanya utafiti wake Afrika Kusini, alichapisha matokeo ya jaribio lililopata umaarufu. Picha ilionyesha mwindaji mwenye mkuki, swala aliye karibu naye, na tembo mdogo aliye mbali, kati yao. Wengi ambao hawakuzoea picha za vitabuni walisema mwindaji anamlenga tembo, kwa kuwa kwenye karatasi ndiye aliyekuwa jirani na ncha ya mkuki. Wataalamu wa baadaye walimkosoa wakisema michoro yake yenyewe ilikuwa na utata, na ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo mwalimu ana la kuchukua hapo. Kudogesha kitu ili kionekane kiko mbali, kuweka mshale kuonyesha mwelekeo, kupiga mstari wa nukta kuonyesha kisichoonekana: hizo ni kanuni za kufundishwa. Mtoto wa darasa la tatu anayeona mshale ukipanda kutoka ziwani kwenda mawinguni ana haki ya kuuliza ni kitu gani hicho kirefu chenye ncha.

Kwa hiyo mchoro bora ni ule unaojengwa ubaoni mbele ya darasa, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa maswali. Tuchukue mfano wa duara mbili zinazoingiliana, mchoro unaobeba jina la Mwingereza John Venn, aliyeandika juu yake mwaka 1880. Duara moja tuiite Handeni, nyingine Korogwe. Darasa la tano wataanza kutaja. Korogwe ina reli, iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ikafika Korogwe 1902. Ina mashamba ya mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta nchini mwaka uleule wa 1893. Ina Mto Pangani, na Usambara kwa juu. Handeni mjini hakuna reli. Handeni ina tambarare, mapori, mahindi na ng'ombe. Katikati, panapoingiliana, wataweka Kizigua kinachosemwa pande zote mbili, mvua za vuli na masika, na Mkoa wa Tanga.

Kisha mwalimu aulize: maji ya bomba tuyaandike wapi? Mradi mkubwa wa maji wa Handeni, ule watu wanaouita HTM, huvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Mmoja atasema ni ya Korogwe, mto uko kule. Mwingine atasema ni ya Handeni, ndiko yanakonywewa. Wa tatu atayapeleka katikati. Mwalimu asiwakatishe. Katika kubishana neno liwekwe wapi, watoto wanapima sababu, na bila hayo mabishano duara mbili ni chaki tu. Mtoto aliyezaliwa mahali ambapo dumu la maji hutafutwa kwa shida atakuwa na la kusema hata kama hajawahi kunyoosha mkono darasani.

Aina nyingine za michoro sitazieleza kwa urefu. Sababu na matokeo huenda na mishale, matukio ya historia na mstari wa wakati, mambo yanayojirudia kama msimu wa kilimo na duara. Muhimu ni umbo lifanane na mambo yalivyo. Mtu asichore duara pale ambapo mambo hayarudi yalikoanzia. Na mapambo yaachwe: tafiti za Mmarekani Richard Mayer zimeonyesha mara kwa mara kwamba vikorombwezo visivyohusiana na somo, hata vikivutia, humpunguzia mwanafunzi kuelewa.

Kuhusu ramani za dhana, Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walizianzisha miaka ya 1970 wakati wakifuatilia jinsi watoto wanavyoelewa sayansi. Walikuwa na rundo la mahojiano, wakahitaji njia ya kuonyesha mtoto anafikiri nini, na mawazo yake yamebadilika wapi. Yaani ramani hizo zilibuniwa kwanza ili mtu mzima asome kichwa cha mtoto. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi hawezi kumhoji kila mmoja, ila anaweza kupitia madaftari yao na kuona nani ameunganisha mizizi na hewa, nani ameunganisha majani na mwanga.

Sasa turudi kwenye suala la kuvunja zana. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walilinganisha wanafunzi waliochora ramani za dhana huku maandishi yako mbele yao na wale waliosoma, wakafunga maandishi, wakajaribu kukumbuka. Baada ya juma moja, waliokumbuka kwa kichwa walifanya vizuri zaidi, hata mtihani wenyewe ulipotaka wachore ramani. Kwa mwalimu wetu maana yake ni nyepesi kutekeleza: jenga mchoro na darasa, futa ubao, waambie wauchore upya bila kutazama popote. Kesho yake kabla ya kipindi, wauchore tena. Hilo halihitaji manila wala umeme.

Faida kubwa kuliko zote naiona Kidato cha Kwanza. Mtoto aliyesoma usanisinuru kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anaingia sekondari na kukutana na sayansi ileile kwa Kiingereza. Wengine, ambao nyumbani ni Kizigua, wanaingia lugha ya tatu. Anadhani ni somo jipya kabisa, anakata tamaa. Lakini mwalimu akichora jani lilelile, jua lilelile, mishale ileile ya maji na hewa, kwanza kwa majina ya Kiswahili anayoyajua, kisha akafuta jina mojamoja na kuandika la Kiingereza mahali pake, mtoto anaona kwamba anachojifunza ni majina. Elimu yenyewe tayari anayo. Mkanada Allan Paivio alieleza tangu 1971 kwamba jambo lililohifadhiwa kwa neno na kwa taswira pia hukumbukwa kwa urahisi kuliko la neno peke yake. Kwa mtoto ambaye neno bado ni geni, taswira ndiyo ya kushika kwanza.

Nawaomba wathibiti ubora wa shule na maofisa elimu kata jambo moja. Mkiingia darasani, msihesabu chati za ukutani kama ushahidi kwamba zana zipo. Fungueni madaftari mtazame kama watoto wamechora wenyewe, kisha mwiteni mmoja ubaoni, mumpe chaki, mumwambie aeleze anachokichora.

Itaendelea juma lijalo: michoro katika Hisabati.