Je, Wajua? Msumari wa Alfajiri na Mambo Mengine ya Unyayo wa Mkimbiaji

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, wenzako wa jogging bado hawajaanza kuimba barabarani. Unashusha mguu kitandani, unakanyaga sakafu, na kisigino kinachoma kana kwamba umekanyaga msumari. Unashika ukingo wa kitanda, unatembea kwa ncha za vidole hadi bafuni, na ukifika mlangoni maumivu yameshapungua nusu. Ukimaliza chai huyasikii tena. Unavaa raba, unaondoka. Kesho yake asubuhi msumari uko palepale.

Niliishi na msumari huo miezi minane. Nilikanda kwa maji ya moto, nikameza vidonge, nikapumzika wiki mbili, nikarudi barabarani, msumari nao ukarudi. Ndiyo maana leo safu hii nimeitoa yote kwa miguu yetu sisi tunaokimbia kwa afya na kwa raha, bila kocha wala medali.

Je, wajua kwamba chini ya unyayo wako kuna kamba? Ni mkanda mweupe, mgumu kama kano, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi mashina ya vidole. Mwaka 1954 mtafiti wa Uingereza, J. H. Hicks, alieleza namna unavyofanya kazi, akaufananisha na mtambo wa kuvutia kamba ya nanga. Huna haja ya maabara kuliona jambo hilo. Vua kiatu, kaa kitini, weka unyayo sakafuni, kisha kwa mkono inua kidole gumba cha mguu kuelekea juu. Tazama upande wa ndani: upinde wa unyayo unapanda wenyewe. Kamba imezungushwa kwenye shina la kidole, imekaza, na mguu uliokuwa laini umegeuka mhimili mgumu wa kuusukuma mwili mbele.

Hilo hutokea kila unaponyanyua kisigino. Katika kilomita moja mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kama 1,000, na kila anapotua, ardhi humrudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Mwenye kilo 70 anautwika mguu mmoja mzigo wa kilo 140 au zaidi, na mguu huo una mifupa 26 midogo. Ukiijumlisha ya miguu yote miwili unapata 52, robo ya mifupa yote ya mwili.

Kwa nini basi mkanda huo uume asubuhi? Ukilala, unyayo hujinyoosha kuelekea chini, nao mkanda hukaa umelegea usiku kucha. Hatua ya kwanza inauvuta ghafla pale unaposhikana na kisigino. Ukitembea kidogo unazoea. Wengi tumeambiwa kuwa mkanda umevimba, na ndiyo sababu tunakimbilia vidonge. Lakini mwaka 2003 madaktari wa Marekani walichunguza kwa hadubini vipande vilivyotolewa katika upasuaji wa visa 50, wakakuta nyuzi zilizochakaa, si uvimbe waliotarajia. Kidonge kinaweza kutuliza maumivu, ila hakifumi uzi uliochakaa. Wala usishtuke sana picha ya eksirei ikionyesha kimwiba cha mfupa kwenye kisigino chako. Wapo watu wengi wenye kimwiba kama hicho ambao hawajawahi kuumwa kisigino hata siku moja.

Mambo mawili yalinisaidia, na yote yana utafiti nyuma yake. La kwanza hufanyika kabla mguu haujagusa sakafu: unakaa kitandani, unaupandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, unavivuta vidole kuelekea muundi kwa sekunde 10, unaachia, mara 10. Ukiupapasa unyayo kwa mkono wa pili utausikia mkanda umekaza kama uzi wa gitaa. La pili lilipimwa Denmark, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Kunja taulo dogo, liweke kwenye ngazi chini ya vidole ili viinuke, simama kwa mguu huo mmoja, kisigino kikiwa nje ya ngazi. Panda kwa sekunde 3, tulia juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Leo fanya, kesho pumzika. Mimi sikuwa na taulo dogo, nikakunja kanga kuukuu. Katika utafiti ule, baada ya miezi 3 waliofanya hivi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliojinyoosha tu. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Kwa hiyo zoezi linafupisha safari, na kwa mtu anayechechemea kila asubuhi huo si msaada mdogo.

Je, wajua kwamba pumzi hujengeka haraka kuliko mifupa? Ukianza kukimbia, wiki chache tu zinatosha moyo na mapafu kukupa raha. Kano na mifupa huhitaji miezi. Hapo ndipo wengi wetu tunapoumia: kifua kinasema twende, mguu bado uko kwenye mchakamchaka wa wiki ya kwanza.

Dawa inayosifiwa ni kuongeza asilimia 10 tu kila wiki. Huko Groningen, Uholanzi, kanuni hiyo ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 500 waliokuwa wanaanza kukimbia. Kundi moja lilipanda polepole kwa asilimia 10, jingine lilifuata ratiba ya kawaida. Mwaka 2008 matokeo yalichapishwa: katika kila kundi, kama mtu mmoja kati ya watano aliumia. Kisha mwaka 2025 ukatoka utafiti mkubwa ulioongozwa na Wadenmark, uliowafuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 kupitia saa zao za mkononi. Hatari haikuonekana sana kwenye jumla ya wiki. Ilionekana kwenye mbio moja iliyozidi, kwa zaidi ya asilimia 10, mbio ndefu kuliko zote ulizokimbia katika siku 30 zilizopita. Nilipousoma nilikumbuka kisigino changu kilianza lini. Nilikuwa nimezoea kilomita 8, wenzangu wakanialika mbio za hisani za kilomita 21, nami nikaona haya kukataa.

Je, wajua kwamba dalili za ufa wa mfupa wa mguu ziliandikwa miaka 40 kabla ya eksirei kuwepo? Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu askari waliorudi kutoka matembezi marefu miguu ikiwa imevimba na kuuma, bila jeraha wala pigo lolote. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na miaka miwili baadaye ndipo ilipoonekana kwamba mifupa mirefu ya katikati ya mguu ilikuwa imepata nyufa. Mfupa haukupigwa. Ulitwikwa mzigo mara nyingi mno kabla haujapata nafasi ya kujijenga upya.

Hapa naomba usinisome harakaharaka. Maumivu ya mkanda huuma asubuhi na kupungua ukitembea. Maumivu ya ufa huenda kinyume: huongezeka kadiri unavyokimbia, na mwishowe huuma hata ukiwa umelala. Tena hukaa mahali pamoja, mahali unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Ukiona hivyo acha kukimbia siku hiyohiyo, umwone daktari, na umweleze yalivyoanza, kwa kuwa eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa ilhali ufa upo. Ufa ukiwa juu ya mguu, katikati, mbele kidogo ya kifundo, usifanye mchezo kabisa. Mfupa wa hapo haupati damu nyingi, na ufa wake hupona kwa shida. Dada zetu wanaokimbia huku wakijinyima chakula, hadi hedhi ikakatika, wako kwenye hatari kubwa zaidi, maana mwili usiopata chakula cha kutosha hauna cha kujengea mfupa. Na mwenye kisukari asingoje maumivu yamwambie, kwa sababu mguu wake huenda umepoteza hisia. Azikague nyayo kwa macho kila siku.

Nilipoanza kuumwa nilipeleka raba zangu kwa fundi viatu wa mtaani kwetu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Imeachia gundi?”

Nikamwambia hapana, nataka aniambie kama nakanyaga vibaya, kwani soli imelika upande wa nje wa kisigino. Akazigeuza, akacheka kidogo, akaniambia karibu raba zote anazoletewa zimelika hapohapo. Kisha akaminya kwa dole gumba ile sehemu laini iliyo juu ya soli. Ilikuwa na mikunjo kama paji la uso la mtu aliyechoka, na dole lake halikuzama. “Soli ni nzima, lakini ndani kimekufa,” akasema.

Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Wengi wetu hutua kwa ukingo wa nje wa kisigino, hivyo kulika pale ni kawaida. Na sponji huchoka kabla ya soli. Watengenezaji wengi hushauri kubadili raba baada ya kilomita 500 hadi 800. Ukinunua raba za mtumba, minya kwanza. Huwezi kujua mwenyewe wa mwanzo alikimbia nazo kilomita ngapi.

Je, wajua kwamba kuchaguliwa raba kwa kupimwa upinde wa unyayo hakujathibitika kuzuia majeraha? Majeshi ya Marekani yalilijaribu kwa maelfu ya makuruta, jeshi la nchi kavu, la anga na kikosi cha Marine. Nusu walipewa raba kulingana na umbo la unyayo, nusu wakapewa aina moja wote. Majeraha hayakutofautiana kwa maana yoyote. Mimi siku hizi nachagua ile inayonikaa vizuri tangu nikiijaribu dukani, nanunua jioni mguu ukiwa umeshajaa, na naacha nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Nafasi hiyo ndiyo inayookoa kucha. Kucha jeusi ni damu iliyovia chini yake baada ya kugongagonga kiatu, hasa ukishuka mlima, kama wanavyojua waliowahi kuteremka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka.

Ukisikia ganzi au mchomo kati ya kidole cha tatu na cha nne, kana kwamba kuna kokoto ndani ya soksi na ukivua hulioni, huenda ni mshipa wa fahamu unaobanwa. Daktari Thomas Morton wa Philadelphia aliyaeleza maumivu hayo mwaka 1876. Kiatu kipana mbele mara nyingi ndicho cha kujaribu kwanza.

Na je, tukimbie peku? Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia wakati ule. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard alichapisha utafiti uliohusisha vijana wa Kikalenjini wa Kenya waliokua wakikimbia peku, akaonyesha wengi wao hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu. Dunia ikakurupuka kuvua viatu. Kilichosikika kidogo ni utafiti wa mwaka 2013 wa Wadaasanach, hukohuko Kenya, upande wa kaskazini. Nao hutembea peku tangu utotoni, lakini kwa mwendo wao wa kawaida wa kukimbia, karibu robo tatu walitua kwa kisigino. Peku hakuna mtindo mmoja. Mwaka huohuo Wamarekani waliwapa wakimbiaji viatu vyembamba mfano wa peku kwa wiki 10, na picha za MRI zikaonyesha mifupa ya miguu ya wengi wao imeanza kuzidiwa.

Lakini peku ya utotoni ni habari nyingine. Huko India, mwaka 1992, ulichapishwa uchunguzi wa watoto 2,300. Nyayo bapa zilionekana kwa asilimia 8.6 ya waliozoea viatu, na asilimia 2.8 tu ya wasiovaa. Misuli midogo ya mguu hukua kwa kutumika. Na hata ukubwani inaitika: São Paulo, Brazil, wakimbiaji 118 wa kujifurahisha kama sisi waligawanywa, kundi moja likafanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya nyayo. Katika mwaka mmoja, wale ambao hawakuyafanya walikuwa na uwezekano wa kuumia zaidi ya mara mbili.

Nimalizie kwa daktari aliyekasirika. Håkan Alfredson, mpasuaji wa mifupa wa Umeå, Sweden, aliumwa kano kubwa ya nyuma ya kisigino, ile ya Achilles, kwa muda mrefu. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwomba mkuu wake wa kazi amfanyie upasuaji, akakataliwa. Akaamua kuikata kwa mazoezi, ili alazimike kupasuliwa. Akasimama ngazini, akawa anashusha kisigino chini ya usawa wa ngazi, mara nyingi, kila siku, huku kikiuma. Kano haikukatika. Ikapona.

Mwaka 1998 alichapisha majaribio ya wanamichezo 15 wa kujifurahisha ambao tiba nyingine zilishindwa kwao. Walishusha kisigino taratibu mara 15, mizunguko mitatu, kwanza goti likiwa limenyooka kisha likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni. Ni mara 180 kwa siku. Kushuka ni kwa mguu unaouma. Kupanda tena, mguu usiouma ndio unaofanya kazi. Baada ya wiki 12 wote 15 walikuwa wamerudi kukimbia kama zamani.