Kikombe cha Pili



Wahenga walinena kwamba siku njema huonekana asubuhi. Nasi kila asubuhi, tuonanapo na jirani njiani, huulizana habari za kuamka, na jibu huwa tayari mdomoni: "Salama, twamshukuru Mungu." Dominika hii tungependa kulitafakari jibu hilo. Je, twamshukuru kweli, au twalitaja jina lake kwa mazoea tu?

Mama mmoja wa parokia tuliyoitumikia alifiwa na mumewe. Tulipomtembelea baada ya matanga, hakutusimulia habari za mazishi, bali za asubuhi. Kama ilivyokuwa desturi yake, aliamka kungali giza, akakoka moto, akateka maji mtungini, akapika uji. Kisha, bila kufikiri, akaweka vikombe viwili. Alipokiona kile cha pili ndipo alipolia. "Baba," alituambia, "kwa miaka 26 nilimmiminia uji mume wangu, wala sikumbuki asubuhi hata moja niliyomshukuru Mungu kwa ajili ya kikombe hicho. Sasa nitashukuru nini?"

Swali hilo si dogo, na siku ile hatukuweza kulijibu.

Jibu lake limo mahali tusipopatazamia. Yule aliyekiri kwamba rehema za Mungu huwa mpya kila asubuhi hakuwa ameketi katika nyumba ya raha. Ungamo lake limo katika sura ya tatu ya kitabu cha Maombolezo, kitabu kinachoulilia mji wa Yerusalemu uliobomolewa na Wababeli mwaka 587 kabla ya Kristo. Hekalu limeteketea, watu wamechukuliwa uhamishoni, watoto wanalia kwa njaa. Katikati ya magofu hayo mtu anaona kwamba kumekucha tena, na kwamba si yeye aliyelichomozesha jua. Hapo ndipo ulipo mzizi wa shukrani yetu. Kushukuru si kusema kwamba mambo yote ni mema. Ni kukiri kwamba siku hii tumepewa, hatukujipatia wenyewe. Kwa hiyo hata mwenye machozi aweza kushukuru bila kuwa mnafiki.

Waisraeli walifundishwa jambo hilohilo jangwani. Mana waliiokota kila asubuhi, kiasi cha kuwatosha siku hiyo. Jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Na iliyowekwa hadi kesho yake iliingia mabuu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Ndivyo ilivyo shukrani. Ile ya jana haitoshi leo, na ikicheleweshwa huyeyuka, kama alivyotambua yule mama.

Ndiyo sababu Kanisa haliiachi asubuhi ipite bure. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliyaita Masifu ya Asubuhi na ya Jioni kuwa bawaba mbili za sala ya kila siku. Kila asubuhi katika Masifu hayo twasali wimbo wa Zakaria. Mzee huyo alikuwa bubu mpaka siku mwanawe alipopewa jina Yohane. Kinywa chake kilipofunguliwa, alianza kwa kumsifu Mungu. Nasi kila siku twatoka katika ububu wa usiku. Neno letu la kwanza ni lipi? Mara nyingi ni lawama juu ya ugali wa jana uliokwisha, au karipio kwa mtoto anayechelewa shule.

Labda mtasema: sisi hatuna kitabu cha Masifu, wala hatuna nafasi. Lakini mnayo mikono. Anayefagia uwanja, anayechochea kuni, anayewakamulia watoto maziwa, aweza kuifanya kazi hiyo kuwa sala yake. Bwana wetu mwenyewe, kama asemavyo Marko, aliamka alfajiri na mapema, akaenda mahali pasipo watu, akasali. Basi kesho, kabla ya kufungua hata redio hii, tunyamaze kwa muda ule tu ambao maji huchukua kuchemka. Tumtaje mbele ya Mungu mtu mmoja aliyelala chini ya dari yetu, na kitu kimoja tulichokikuta kingalipo. Kisha, mtu yule akiamka, tumwambie asante angali anaweza kutusikia.

Yule mama hakukiondoa kikombe kile. Siku hizi mjukuu wake hunywea uji humo kabla ya kwenda shule, naye bibi, kabla ya kukijaza, hufanya kwanza ishara ya Msalaba.

Mungu atujalie kuamka salama, na kulitambua hilo. Amina.