Kuku Hupona Uziwi, Binadamu Je?

Je, msomaji, wajua kwamba kuku akizibwa masikio na kelele nyingi, baada ya majuma machache husikia tena? Mnamo 1988 watafiti walionyesha kuwa seli zilizokufa sikioni mwa ndege huota upya. Mimi na wewe hatukujaliwa hivyo.

Ndani kabisa ya sikio lako, katika kiungo kilichojisokota kama konokono, mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari kwa ubongo. Ulizaliwa nazo na haziongezeki.

Sikio huanza kuumbika mimba ikiwa ya majuma manne hivi, pengine mama hata hajajijua. Wakati huo seli za kando ya kichwa zinafanana. Kinachozitenga ni protini za kuchochea ukuaji zinazotoka kwa seli jirani, kama fundi mkuu anayetoa amri kwenye mjengo: wewe kuwa sikio, wewe baki ngozi. Mojawapo ni FGF3. Ilibainika 2007 kwamba watoto ambao jeni yao ya FGF3 ina kasoro huweza kuzaliwa bila sikio la ndani, tena na meno madogo. FGF20 huja baadaye. Panya walioikosa katika majaribio yaliyotangazwa 2012 walikuwa viziwi.

Kisha seli huanza kuzuiana. Inayotangulia kuota vinyweleo hupelekea jirani zake ishara iitwayo Notch: nyinyi msiote, nishikilieni tu. Kwa kuku, yenye vinyweleo ikifa, jirani huchukua nafasi yake. Kwetu sisi jirani huziba pengo tu, na hilo ndilo fumbo kubwa. Dawa za kuziamsha zimejaribiwa kwa watu lakini hazijarudisha usikivu kama ilivyotarajiwa.

Basi zijue adui zake. Muziki wa matatu ni mmoja. Mwingine ni sindano: streptomisini, gentamisini, na kanamisini waliyodungwa kwa miezi wagonjwa wa kifua kikuu sugu, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri 2018 iachwe. Gentamisini ingali inaokoa watoto wachanga, kwa hivyo usiikatae. Muulize daktari utadungwa siku ngapi, na ukisikia mlio masikioni au kizunguzungu, mwambie siku hiyo hiyo, usingoje dozi iishe.