Maniema: Hesabu moja, mashini mbili, majibu mawili – alama gani inaanza?

Muuzaji wa mchele huko Wamaza, kusini mwa jimbo la Maniema, anaweza kufanya hesabu ileile kwenye mashini mbili na kupata majibu mawili tofauti. Hakuna mashini iliyoharibika. Kila moja inafuata zamu yake ya kushughulikia alama.

Tuseme mfanyabiashara ana ndoo 2 za mchele katika depo. Kisha baisikeli 3 zinafika kutoka vijijini, kila moja ikiwa na ndoo 4. Anabonyeza 2 + 3 × 4. Kalkulatrisi ndogo ya sokoni inaonyesha 20. Telefone ya kisasa inaonyesha 14. Mwenye kuhesabu ndoo kwa mkono atakuta 14. Kama ndoo moja ni franka 10 000, mnunuzi anayelipa kwa kuamini ile 20 anatoa franka 60 000 bure.

Sababu ni hii: kalkulatrisi ndogo inamaliza kila alama inapofikiwa. Inajumlisha 2 na 3, inapata 5, halafu inazidisha kwa 4. Telefone inafuata kanuni ambayo wanafunzi wa Kongo wanafundishwa darasani: kuzidisha na kugawanya kwanza, kujumlisha na kutoa baadaye.

Mgongano huo unawakuta pia watu wanaoandika programu za kompyuta kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashini yenyewe. Programu iitwayo asembla inasoma maandishi yao na kuyageuza kuwa amri za namba. Inapokuta hesabu kama 2 + 3 × 4, inaitatua palepale, kabla programu haijaanza kufanya kazi, na kuandika jibu moja tu ndani yake. Hesabu yenyewe haionekani tena.

Shida ni kwamba asembla hazikubaliani. MACRO-11, iliyotumiwa kwenye kompyuta za PDP-11 ambazo kampuni ya Marekani DEC ilianza kuuza mwaka 1970, haikuipa alama yoyote ukubwa juu ya nyingine. Ilihesabu kutoka kushoto kwenda kulia, kama kalkulatrisi ya sokoni.

Asembla zinazotumika leo zinapanga zamu, lakini kila moja kwa namna yake. Mfano ni alama <<, inayosogeza namba kushoto katika hesabu ya 0 na 1. Kusogeza mara 3 ni sawa na kuzidisha kwa 8. Mtu akiandika 1 + 2 << 3, asembla ya NASM inajumlisha kwanza: 3 mara 8, jibu 24. Asembla ya GNU, inayotumika sana kwenye Linux, inasogeza kwanza: 16, kisha inaongeza 1, jibu 17.

Hakuna taa nyekundu inayowaka. Kwa asembla zote mbili, mstari huo umeandikwa vizuri. Lakini kama namba hiyo ilikuwa inaonyesha mahali data inapohifadhiwa, programu itakwenda kusoma mahali pengine, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo yake. Mwandishi anaweza kutafuta kosa siku nzima katika amri zake, wakati limejificha katika hesabu ya mstari mmoja.

Dawa ni ya zamani na haigharimu kitu: mabano, yale ambayo walimu wanayaita parantezi. Mtu akiandika (1 + 2) << 3, asembla zote mbili zinatoa 24. Akiandika 1 + (2 << 3), zote zinatoa 17. MACRO-11 nayo ilikuwa na mabano yake, yaliyoandikwa kwa alama < na >.

Sokoni, kalkulatrisi ndogo haina mabano, ila mfanyabiashara anaweza kuipanga kazi mwenyewe: azidishe 3 kwa 4 kwanza, apate 12, halafu aongeze zile 2 za depo. Akiandika hatua hizo mbili kwenye daftari, muuzaji na mnunuzi wataona wote ile 14 imetoka wapi, kabla franka hazijatoka mkononi.