Safu za Perl na Matini ya Njia ya Tabora

Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Heinrich Brode aliyatoa kwa herufi za Kirumi mjini Berlin mwaka 1902 na 1903. Anayetaka kuyachunguza kwa kompyuta hana budi kuulinda mfuatano wake, kwa kuwa kiambishi -ka- kinachoyaendesha hutegemea kitendo kilichotangulia. Lugha ya programu ya Perl, iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1987, inayo safu kwa kazi hiyo.

Tuanze na safu ndogo ya vituo vya njia ya misafara:

my @vituo = ('Bagamoyo', 'Tabora', 'Ujiji');

Bagamoyo ni $vituo[0]. Wanafunzi huilalamikia sifuri hii. Lakini namba hiyo haihesabu vituo, huhesabu hatua kutoka mwanzo, na aliye bado Bagamoyo hajapiga hata moja. Tabora ni $vituo[1]. Ujiji, kwa kuhesabu kutoka mwisho, ni $vituo[-1].

Faili la matini likiisha kufunguliwa, twaandika:

my @mistari = <$faili>;
chomp @mistari;
my @maneno = split ' ', $mistari[0];

Amri ya kwanza huweka kila mstari mahali pake, ya pili huondoa alama ya kikomo cha mstari, na ya tatu huukata mstari wa kwanza kuwa maneno. Hata hivyo, Tabora yenye mkato na Tabora isiyo nao yatahesabiwa kuwa maneno mawili. Anayekimbilia kukata kwa /\W+/ atalipasua neno ng'ambo liwe "ng" na "ambo", na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ndiko Tippu Tip alikojijengea ukuu wake! Heri kufuta alama zinazosumbua na kuiacha ritifaa:

tr/.,;:?!//d for @maneno;

Hatari kubwa zaidi ni ya kimya. Tukikuta neno lenye -ka-, twamtazama jirani yake kwa $maneno[$i-1]. Kwa neno la kwanza $i ni sifuri. Sifuri toa moja ni -1, na Perl, bila kuonya, italeta neno la mwisho la mstari uleule. Ni kama kumwuliza kirangozi wa msafara ni nani aliye mbele yake, naye akamwonyesha mpagazi wa nyuma kabisa. Kwa hiyo $i ikiwa sifuri, jirani atafutwe mwishoni mwa mstari uliotangulia. Mstari wenyewe ukiwa $mistari[0], neno hilo halina jirani, na programu iambiwe hivyo waziwazi.