Uvuvi wa nzi bandia katika Paradise Valley

Uvuvi wa nzi bandia katika Paradise Valley ni uvuvi wa burudani unaofanyika kwenye mto Yellowstone na vijito vyake vya chemchemi, kusini mwa mji wa Livingston katika jimbo la Montana, Marekani. Vijito vinavyojulikana zaidi ni Armstrong, DePuy na Nelson. Vyote vitatu hupita ndani ya ranchi za watu binafsi. Mvuvi anatakiwa kuwa na leseni ya jimbo, na juu yake humlipa mwenye ranchi ada ya siku. Idadi ya wavuvi wanaoruhusiwa kwa siku moja ina kikomo.

Nzi bandia ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya, nywele za wanyama na nyuzi ili ifanane na mdudu. Ni nyepesi mno kurushwa yenyewe, kwa hiyo uzito uko katika mshipi, ambao ni mnene na hurushwa kwa ufito mrefu unaopinda. Kati ya mshipi na ndoana kuna uzi mwembamba ambao samaki hauoni kwa urahisi.

Samaki anayetafutwa ni trauti. Mwenyeji wa mto huu ni trauti wa Yellowstone (Oncorhynchus clarkii bouvieri), mwenye alama nyekundu chini ya taya. Trauti-upinde (Oncorhynchus mykiss) na trauti-kahawia (Salmo trutta) waliletwa na binadamu. Yule wa kwanza huzaliana na mwenyeji na kuchanganya nasaba yake. Hao wawili wanajulikana pia Afrika ya Mashariki, kwa kuwa walipandikizwa katika mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya wakati wa ukoloni. Katika vijito vya Paradise Valley samaki akishavuliwa hurudishwa majini akiwa hai. Msomaji aliyezoea kuvua kwa ajili ya kitoweo anaweza kushangaa kwamba mtu hulipa fedha nyingi kisha akaondoka mikono mitupu.

Majira ya mto

Yellowstone ni mto mrefu kuliko yote isiyo na bwawa la kuhifadhi maji katika majimbo 48 ya Marekani bara. Kwa sababu hiyo kimo chake hufuata theluji ya milima ya Absaroka na Gallatin. Wakati wa baridi kali maji ni machache na maangavu, na barafu hushika kingo. Mwishoni mwa Aprili wadudu wa oda ya Trichoptera huibuka kwa wingi, na mvuvi huwa na siku chache nzuri kabla theluji haijaanza kuyeyuka kwa kasi. Kuanzia Mei hadi mwanzo wa Julai mto hujaa, huwa na rangi ya matope na hubeba magogo. Maji yaweza kuwa mara kumi ya yale ya Januari. Kuvua hapo ni kazi bure, na kuingia majini ni hatari. Mto ukitakata mwezi wa Julai, samaki huhamia kingoni, na mwezi wa Agosti hula panzi wanaopeperushwa na upepo kutoka mashamba ya nyasi.

Kwa nini vijito ni tofauti

Maji ya vijito hivi hutoka chini ya ardhi baada ya kuchujwa na changarawe, yakiwa na halijoto isiyobadilika sana mwaka mzima. Hayagandi wakati wa baridi, wala hayapati joto kali kiangazi. Mwezi wa Juni, mto ukiwa tope, kijito kilicho mita mia chache tu kutoka kingo zake kinaweza kuonekana hadi chini. Ndipo pia wadudu wa oda ya Ephemeroptera huanza kuibuka mchana: tunutu hupanda kutoka majani ya majini, huvua ngozi usoni mwa maji, huruka, huzaa na kufa baada ya siku moja au mbili. Ada ya ranchi huwa juu zaidi katika majuma hayo.

Uangavu huo ni faida kwa jicho la mvuvi, na pia kwa jicho la samaki. Trauti wa hapa ameona nzi bandia nyingi. Mara nyingi humwacha mdudu aliyekwisha kuruka na kumla yule aliyekwama chini kidogo ya uso wa maji. Nzi bandia ikivutwa pembeni na mkondo hata kidogo, haliwi. Katika miezi ya baridi chakula kikuu ni wadudu wa oda ya Diptera wadogo kama visubi.

Kuingia na kufungwa

Sheria ya Montana ya mwaka 1985, iliyofuata hukumu mbili za mahakama kuu ya jimbo za mwaka 1984, inawaruhusu watu wote kutumia mito hadi alama ya kawaida ya maji kujaa. Hairuhusu kuvuka ardhi ya mtu kuufikia mto. Hapo ndipo ada ya ranchi inapopata maana yake.

Agosti 2016 maelfu ya samaki, wengi wao wa spishi ya Prosopium williamsoni, walikufa kwa ugonjwa wa figo unaosababishwa na kimelea Tetracapsuloides bryosalmonae. Maji machache na ya joto yaliwadhoofisha samaki. Jimbo lilifunga takriban kilomita 295 za mto pamoja na tawimito, na waongozaji wa wavuvi walipoteza mapato katikati ya msimu. Juni 2022 ikaja hali ya kinyume: mvua juu ya theluji iliinua mto huko Corwin Springs hadi zaidi ya mita 4, kupita rekodi ya mwaka 1918.

Siku hizi, maji ya mto yakifikia takriban sentigredi 23 kwa siku tatu mfululizo, idara ya wanyamapori ya jimbo inaweza kupiga marufuku uvuvi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku, kwa kuwa trauti aliyechoka kwa kupigana na mshipi katika maji ya joto anaweza kufa hata akiachiliwa.