Kulishughulikia Jambo na Kumshughulikia Mtu: Nahau za Kiingereza katika Kiswahili cha Mpakani Buteba

Kauli "tutakushughulikia", ikitamkwa na ofisa kwenye dirisha la forodha, ina maana mbili zisizopatana. Kwa ofisa aliyeiwaza kwa Kiingereza kisha akaitoa kwa Kiswahili, ni ahadi ya huduma. Kwa mama anayevuka na magunia mawili ya maharagwe, inaweza kuwa kitisho. Makala haya yanafafanua chanzo cha utata huo na uzito wake katika Buteba, kaunti ndogo ya Wilaya ya Busia, Uganda, na katika ukanda wa mpaka baina ya Busia na Tororo.

Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mengi: ndicho kinachomtibu mgonjwa, kumkirimu mgeni, kupaka mbao dawa ya mchwa na hata kumtesa mfungwa. Kiswahili hulazimika kuchagua, na kiambishi cha yambwa humfichua msemaji. "Tutalishughulikia" huelekea kwenye shauri. "Tutamshughulikia" humweka mtu mahali pa tatizo, na hapo ndipo ukali unapozaliwa, bila kuhitaji kielezi chochote.

Nahau huongeza ugumu kwa sababu hubeba taswira. Anayetafsiri neno kwa neno kwamba fulani "alionyeshwa bega baridi" hataeleweka sokoni, ilhali "alipewa kisogo" ingetosha. "Kupelekwa matembezini" kwa maana ya kulaghaiwa ni kichekesho tu. Kiswahili kina kuchezewa shere. Nahau ya kunawa mikono, kwa upande wake, huvuka bila taabu, kwa kuwa kisa cha Pilato kinajulikana makanisani pande zote mbili.

Kisa kigumu zaidi ni cha "kufagia uchafu chini ya zulia", tafsiri ambayo imekwisha kuzoeleka katika uandishi wa habari. Mtafsiri makini anayetafuta mbadala wa asili hukimbilia methali ya kufunika kombe ili mwanaharamu apite. Taswira zinakaribiana, lakini hukumu zinatofautiana. Nahau ya Kiingereza humlaumu anayeficha. Methali ya Kiswahili humshauri afiche kwa ajili ya stara. Tangazo dhidi ya rushwa likitumia methali hiyo litakuwa limemtetea mla rushwa. "Kulifumbia macho" ni salama zaidi, ingawa halina ladha ileile.

Kwa nini jambo hili liwashughulishe watunga sera? Nchini Uganda, Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa kwa amri ya Idi Amin mwaka 1973, na kwa Waganda wengi kikabaki na mwangwi wa kambi ya jeshi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini msikilizaji mwenye kumbukumbu ya amri za askari huchagua maana ya kitisho kwanza. Kwa Waiteso, waliotenganishwa na mpaka baina ya nchi mbili, Kiswahili ni lugha ya biashara kabla ya kuwa lugha ya darasa; nahau zake hujifunzwa kwa matokeo yake, si kwa kamusi.

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaowahusu wenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ulikusudiwa kumfikisha mfanyabiashara mdogo kwenye dirisha la ofisa. Akiogopa maneno ya dirishani, atapita njia za panya, na huko hana cheti wala mtetezi. Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Mahali pa "utashughulikiwa" paandikwe "ombi lako litashughulikiwa", na mahali pa kitenzi hicho, panapowezekana, itajwe kazi yenyewe: mzigo utakaguliwa, cheti kitatolewa, mwenye mzigo ataitwa kwa jina lake.